IPA ya Kikao: Kupika Bia Nyepesi Yenye Harufu Nzito

Mwaka juzi tulikuwa na ubatizo wa mtoto wa dada yangu hapa Michigan. Wageni walianza kufika saa nane mchana, na kama ilivyo desturi yetu hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Nilikuwa nimepika bia mwenyewe kwa ajili ya siku ile, IPA (India Pale Ale) ya kilevi cha asilimia 7, yenye harufu ya embe na ganda la chungwa, na kila aliyeionja aliisifu. Ilipogonga saa kumi na mbili jioni nusu ya wageni walikuwa wanasinzia kwenye makochi, shemeji yangu alishindwa kutoa neno la shukrani alilolipanga wiki nzima, na vijana wawili ilibidi tuwanyang'anye funguo za magari. Bia ilikuwa nzuri. Haikuwa bia ya siku ile.

Usiku ule, nikikusanya chupa, nilikumbuka mbege. Kwetu Uchagani mbege hunywewa kwa kata, watu wakizungumza habari za mipaka ya mashamba ya nyumbani (vihamba), mahari na shule za watoto. Mzee hukaa nayo mchana kutwa kisha akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kilevi chake ni kidogo, lakini mtu haoni kwamba amepewa kinywaji pungufu. Kina uzito wa ulezi na ndizi zilizoiva, na kina uchungu wa gome la msesewa unaokata utamu usije ukamkinaisha mnywaji. Bibi yangu alipima gome lile kwa mkono, na mbege ikiwa nyepesi alilipunguza. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi nikiwa mtoto, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Bia ninayotaka kukueleza leo hufuata hesabu ile ile. Wamarekani huiita session IPA, yaani IPA ya kikao, bia ya kukaa nayo. Kilevi chake huwa kati ya asilimia 3 na 5, na harufu yake ya hopsi haipitwi na ya IPA kubwa. IPA yenyewe ni ya Kiingereza kwa asili. Katika karne ya 18 bia za kimea cheupe zilipakiwa London kwenda India, na jina linalotajwa zaidi ni la George Hodgson wa kiwanda cha Bow. Hopsi ziliongezwa kwa wingi kwa sababu huzuia bia kuharibika safarini. Baadaye biashara ilihamia Burton, mji ambao maji yake yana jasi nyingi. Wamarekani waliichukua bia hiyo wakaitia hopsi za kwao, kuanzia Cascade iliyotolewa Oregon mwaka 1972, yenye harufu ya balungi. Kisha wakagundua walichokuwa wanakijua wanywaji wa baa za Kiingereza, ambao bia zao za jioni zina asilimia 3.5 hadi 4: kwamba mtu hupenda kunywa glasi ya tatu bila kujutia. Hapa kwetu Grand Rapids kiwanda cha Founders hutengeneza All Day IPA ya asilimia 4.7, na jina lake lenyewe linasema ni ya kutwa nzima.

Kabla hatujawasha moto, neno kuhusu sheria. Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 sheria iliyoruhusu kupika bia nyumbani bila kodi: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi. Galoni 200 ni kama lita 757, na hata moja hairuhusiwi kuuzwa. Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza kileo. Ukiwa Tanzania au Uganda, uliza kwanza ofisi ya biashara ya halmashauri yako. Ukiwa Oman au kwingineko Ghuba, achana na jambo hili kabisa. Makala haya yanawahusu watu wazima wanaokunywa, walio mahali panaporuhusu.

Sasa kosa langu, maana ndilo kosa la wengi. Baada ya ubatizo ule nilichukua kipimo changu cha asilimia 7, nikapunguza kimea karibu nusu, nikaacha hopsi zote kama zilivyokuwa. Niliona ni hesabu ya wazi: kilevi kidogo, harufu ile ile. Nilichopata kilikuwa kichungu kama shubiri, na chini ya uchungu hapakuwa na kitu, kama majani ya chai yaliyomiminiwa maji mara ya tatu. Nilimwaga lita 19.

Kilevi chenyewe ni sehemu ya ladha. Huleta utamu kidogo na uzito mdomoni, na uchungu wa hopsi huegemea hapo. Ukikiondoa, uchungu uliokuwa umetulia ndani ya bia nzito unabaki peke yake, na kila dosari iliyokuwa imefichwa inajitokeza: maji yenye klorini, hamira iliyochoka, hopsi zilizokaa sana kabatini. Kwa hiyo usiipunguze IPA kubwa. Jenga bia nyingine tangu mwanzo, ukianza na mwili wake, kisha uipimie uchungu unaoweza kubebwa na mwili huo. Ninaamini bia hii ni ngumu kupika kuliko ile ya asilimia 7, na anayeiweza ataweza nyingi nyingine.

Vyombo havitishi. Sufuria ya lita 40, mfuko wa kitambaa chepesi cha kuchujia unaoenea ndani yake, kipimajoto cha kuaminika, mzani wa jikoni unaosoma gramu, haidromita, ndoo ya kuchachushia yenye mfuniko na kidude cha kupumulia hewa, mpira wa kuhamishia bia, chupa nzito za kahawia na mashine ndogo ya kufungia vizibo. Jiko la gesi kubwa liwashwe nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wake usioonekana huua. Kila kitakachogusa bia baada ya kuchemka kioshwe, kisha kilowekwe dawa ya kuua vijidudu isiyohitaji kusuuzwa. Sitarudia jambo hilo tena, lakini wewe ulifanye kila mara.

Kwa lita 20 hivi natumia kilo 4.5 za nafaka. Kilo 3.1 ni kimea cheupe cha shayiri, nami napendelea Maris Otter ya Uingereza kwa kuwa ina ladha ya mkate ambayo kimea cha kawaida cha Marekani hakina. Katika IPA kubwa tofauti hiyo haionekani, hapa inaonekana. Gramu 600 ni kimea cha Munich, kilichokaushwa kwa joto zaidi, kinacholeta ladha ya ganda la mkate bila kuleta utamu wa sukari. Gramu 400 ni oti bapa, zile zile za uji wa asubuhi, ambazo huipa bia ulaini kama utelezi. Gramu 250 ni kimea cha ngano, kwa ajili ya povu lisilokatika. Na gramu 150 tu ni kimea cha karameli chepesi. Hapa wengi huteleza: wakiona bia ni nyembamba wanazidisha karameli, nayo inageuka tamu na nzito ya ulimi, ikifunika harufu waliyoinunua kwa pesa nyingi. Mwili utafute kwenye oti na kwenye joto la kulowekea, si kwenye karameli. Kimea kiparazwe tu, ganda lipasuke na kiini kivunjike. Kikisagwa kuwa unga utachuja hadi usiku wa manane.

Joto la kulowekea ndilo moyo wa kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vinavyokata wanga. Kimoja hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, nacho hukata vipande vidogo vya sukari ambavyo hamira huvimaliza vyote. Kingine hupenda nyuzi 68 hadi 72, na hukata ovyo ovyo, kikiacha vipande vikubwa ambavyo hamira haiwezi kuvila. Vipande hivyo vikubwa hubaki ndani ya bia, si vitamu sana, lakini vina uzito. Mpikaji wa IPA kubwa hulenga nyuzi 65 ili bia yake ikauke. Wewe lenga 68 au 69. Kwa tofauti ya nyuzi tatu au nne tu, nafaka ile ile itakupa kilevi kidogo zaidi na mwili mwingi zaidi, na hivyo ndivyo vitu viwili ulivyokuwa unavitafuta.

Pasha lita 29 za maji hadi nyuzi 72, tandaza mfuko ndani ya sufuria, mimina nafaka polepole huku ukikoroga kwa mwiko mrefu hadi vibonge vyote viishe. Joto litashuka lenyewe hadi 68 na ushee. Zima moto, funika, viringisha sufuria kwa blanketi zito, uache saa nzima. Ukionja baada ya saa hiyo utakutana na kitu unachokijua: togwa. Ni maji matamu ya kimea ambayo hayajachachuka, na tangu hapa nitayaita hivyo. Inua mfuko, uache udondoke, uukamue kwa nguvu bila woga. Machicha wape kuku au nguruwe kama unao, au yatupe shambani.

Maji nayo yana neno. Ya bomba hapa Marekani na Ulaya mara nyingi huwa na klorini, na klorini ikikutana na kimea huzaa ladha ya plasta ya kidonda ambayo hakuna hopsi itakayoifunika. Nusu ya kidonge cha Campden, kikipondwa na kukorogwa kwenye lita zako 29 kabla ya kupasha, huimaliza kwa dakika chache. Kuhusu chumvi, vitabu vingi vya IPA vitakuambia utie jasi nyingi kwa kufuata maji ya Burton, kwa sababu jasi hunoa uchungu. Kwa bia nyepesi mimi nakataa. Uchungu ulionolewa juu ya mwili mwembamba hukwaruza koo. Kama maji yako ni laini, tia gramu 4 za jasi na gramu 4 za kloraidi ya kalsiamu. Hiyo ya pili hujaza mdomo, na zikilingana bia hukaa sawa. Ukiwa na kipimo cha asidi, lenga pH 5.2 hadi 5.4 wakati nafaka imelowekwa, na mililita mbili tatu za asidi laktiki zinatosha kuishusha.

Sasa hopsi. Ua la hopsi hubeba unga wa njano, na ndani ya unga huo mna vitu viwili vyenye tabia tofauti. Kuna asidi, ambazo hazitoi uchungu wa maana hadi zichemke kwa muda. Na kuna mafuta, ambayo ndiyo embe, chungwa, msonobari na maua unayonusa, nayo hukimbia na mvuke. Chemsha hopsi saa nzima, utapata uchungu mtupu. Zitie moto ukiwa umezimwa, utapata harufu na uchungu kidogo. Kwa hiyo katika bia hii hopsi karibu zote huingia mwishoni.

Togwa ikianza kuchemka, tia gramu 12 za Magnum, hopsi yenye uchungu safi usio na makuu, na uchemshe dakika 60. Zikibaki dakika 10 tia gramu 20 za Centennial. Kisha zima moto, poza hadi nyuzi 80, na hapo ndipo utie gramu 30 za Citra na gramu 30 za Mosaic, ukoroge, ufunike, uache nusu saa. Chini ya nyuzi 80 uchungu hutoka polepole mno na mafuta hayakimbii. Jumla ya uchungu itakuwa karibu 35 hadi 38 katika kipimo cha IBU. Jirani yako mpenda IPA atakuambia ni kidogo, maana zake zina 60 au 70. Muulize zake zina kilevi kiasi gani. Hesabu ninayoishika ni hii: chukua tarakimu mbili za mwisho za uzito wa togwa unaosomwa na haidromita, kwa mfano 44 kwenye 1.044, na uchungu usizidi hapo. Ukivuka, unarudi kwenye lita 19 nilizomwaga.

Nunua hopsi za punje zilizofungwa kwenye mfuko wa foili usio na hewa, zenye mwaka wa mavuno, na uziweke friza hadi siku ya kuzitumia. Nyingi za Marekani hutoka bonde la Yakima, jimbo la Washington, na huvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba. Fungua mfuko, nusa. Zikinuka jibini iliyooza au karatasi ya zamani, zirudishe dukani. Usijipe moyo kwamba zitatengemaa ndani ya bia, hazitatengemaa. Na kama una mbwa, angalizo la kweli: hopsi ni sumu kwa mbwa, hupandisha joto la mwili wake hadi kumuua. Machicha yaliyogusana na hopsi yafukiwe au yatupwe mahali asipofika.

Poza togwa haraka hadi nyuzi 18, kwa koili ya shaba inayopitisha maji baridi, au kwa kuiweka sufuria kwenye beseni la barafu. Mimina ndoani kwa kishindo, irushe povu, kwa kuwa hamira inahitaji hewa mwanzoni. Hii ni mara ya pekee ambapo hewa ni rafiki yako. Pima kwa haidromita, iwe karibu 1.044, uandike.

Kuhusu hamira, ushauri wangu unapingana na maduka mengi, ambayo yatakupa US-05 kwa kila IPA. Ni hamira nzuri, safi, lakini ina njaa, itakula karibu kila kitu na kukuachia bia kavu. Chukua hamira ya Kiingereza. S-04 ni rahisi kupatikana, na pakiti moja ya gramu 11.5 inatosha. Hushiba mapema, huacha mwili, na huleta harufu ndogo ya matunda inayokaa vizuri na hopsi. Hamira ya mkate iache jikoni. Weka ndoo mahali penye nyuzi 18 au 19 kwa siku tatu, kisha uache ipande hadi 21. Siku ya saba mara nyingi kazi imekwisha na haidromita inasoma 1.012 hadi 1.014. Toa kipimo cha mwisho kwenye cha mwanzo, zidisha kwa 131: ukianza na 1.044 ukaishia 1.013, una asilimia 4 na kidogo.

Hapo ndipo zinapoingia hopsi za mwisho, zisizopikwa kabisa, ziitwazo hopsi kavu. Gramu 50 za Citra na gramu 40 za Mosaic, zimiminwe moja kwa moja ndani ya ndoo, mfuniko ufunguliwe na kufungwa haraka. Siku tatu zinatosha. Nilikuwa nikiziacha wiki mbili nikidhani kukaa sana ni kupata sana, na nilichopata kilikuwa ladha ya majani mabichi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa pana hatari ya kuumia. Mwaka jana mwezi wa pili niliamshwa usiku na mlio kama wa risasi kutoka chumba cha chini ya nyumba. Asubuhi nilikuta chupa nne zimepasuka na vipande vya kioo vimejichoma kwenye mbao za dari. Watoto wangu hucheza chumbani humo. Niliporudia daftari langu niliona kwamba nilitia hopsi kavu, nikasubiri siku tatu, nikatia sukari na kufunga vizibo siku hiyo hiyo, bila kupima tena. Nilidhani hamira imemaliza. Ilikuwa imemaliza, lakini hopsi zenyewe zina vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo hukata vile vipande vikubwa vya sukari tulivyovihifadhi kwa makusudi wakati wa kuloweka. Hamira ikaamka, ikala tena, safari hii ndani ya chupa. Si ugunduzi wa juzi. Wakemia wawili wa Uingereza, Brown na Morris, waliliandika jambo hili mwaka 1893, kisha likasahaulika kwa miaka mingi hadi bia zenye hopsi nyingi ziliporudi. Na bia yetu ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa sababu tumeijaza chakula cha akiba. Kushuka kwa 0.003 tu kwenye haidromita, ndani ya chupa iliyofungwa, huongeza zaidi ya nusu ya gesi uliyoikusudia.

Kwa hiyo baada ya kutia hopsi kavu, subiri, hata kama siku zake tatu zimepita. Iache ndoo kwenye nyuzi 20 au 21. Pima, subiri siku tatu, pima tena. Kipimo kikiwa kimeshuka, rudia. Kisiposogea kwa siku tatu mfululizo, fanya jaribio moja zaidi: chukua bia kidogo kwenye glasi, ifunike, iweke ndani ya maji ya moto ya nyuzi 60 kwa dakika 20, ipoe, kisha inuse. Ikinuka siagi au bisi za sinema, hamira bado ina kazi ya kusafisha, iache siku mbili tatu zaidi. Ikinuka hopsi tu, uko tayari. Subira hii itakuchukua wiki moja na haina mbadala kwa mtu anayetumia chupa.

Siku ya kujaza, adui ni hewa. Bia yenye hopsi nyingi ikikutana na hewa hugeuka rangi ikawa ya udongo, na embe inageuka kuwa ladha ya sanduku la karatasi, wakati mwingine kwa wiki mbili tu. Katika bia nzito huenda usione mapema. Katika hii utaona. Hamisha bia kwa mpira ukifika chini kabisa ya chombo, isirushe tone. Sukari ya kawaida, gramu 5.5 kwa kila lita, ichemshwe na maji kidogo, ipoe, itangulie chini ya chombo ili bia ijichanganye yenyewe inapoingia. Jaza chupa hadi karibu na mdomo, nafasi ya hewa iwe ndogo, funga hapo hapo. Utapata chupa zipatazo 50 za mililita 355. Ziweke ndani ya kreti lenye mfuniko, kwenye joto la chumba, siku kumi, na chupa moja iwe ya plastiki ya soda: ukiibonyeza ikawa ngumu, gesi imeingia. Kisha zote zihamie kwenye jokofu. Aliye na pipa dogo la chuma na mtungi wa gesi ataepuka sehemu kubwa ya taabu hii, na kama utaipika bia hii mara kwa mara, okoa pesa ulinunue.

Bia itakayotoka ina rangi ya dhahabu yenye ukungu kidogo na povu jeupe linaloshika glasi. Harufu hutangulia: embe, ganda la limau, majani kidogo. Mdomoni hujaa kuliko inavyotarajiwa, uchungu huja baadaye na kuondoka bila kukwaruza. Nimempa mtu anayekunywa IPA za asilimia 7 bila kumwambia kitu, akakisia 6.

Ukipika mara ya kwanza kwa vipimo hivi, usibadili chochote. Mara ya pili badili kitu kimoja tu. Ukiiona nyembamba, pandisha joto la kuloweka kwa nyuzi moja kabla hujagusa nafaka. Ukiiona chungu, punguza Magnum, usiguse hopsi za mwisho. Ukipenda harufu ya balungi kuliko embe, Cascade ichukue nafasi ya Mosaic. Kila badiliko liandikwe daftarini pamoja na tarehe na vipimo vya haidromita, maana kumbukumbu ya ulimi haikai miezi mitatu.

Na asilimia 4 bado ni kilevi. Anayeendesha gari asihesabu wepesi wake kuwa ruhusa.

Tulipofanya kipaimara cha mpwa wangu mkubwa, nilipeleka kreti mbili za bia hii. Wageni walikaa hadi saa nne usiku, hotuba zote zilitolewa, na shemeji yangu alimaliza neno lake lote, hata sehemu ile ndefu. Zilibaki chupa tisa, nikazigawa mlangoni, kwa sababu bia hii haifai kuwekewa akiba. Andika tarehe juu ya kila kizibo kwa kalamu ya wino usiofutika. Wiki nne za kwanza ndizo za ubora wake. Ikikaribia wiki ya sita na bado unazo kwenye jokofu, usizikalie: piga simu, ita watu.